Nafasi Inayoitwa Tupu

"Hakuna kitu, afande," Patrick alisema, akifuta viganja kwenye suruali. "Diski nzima nimeikopi, folda kwa folda nimepekua. Barua haipo. Mimi naona haijawahi kuwepo."

Inspekta Dorotea Nsokolo hakuwa anamwangalia yeye. Alikuwa anamwangalia Jeniffer, mwenye stesheneri, na Jeniffer alikuwa anaangalia simu yake iliyolala kifudifudi juu ya mashine ya fotokopi. Tangu jana jioni alikuwa haishiki ile simu kwa mkono mzima. Anaisukuma kwa kidole kimoja. Na nani angemcheka? Ujumbe uliokuwemo, hata mimi ningeutupa chooni pamoja na simu yenyewe: *Kilichochapwa kitafutika. Na wewe ukifungua mdomo tutakufuta.*

Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, na mvua ya Februari ilikuwa inapiga mabati ya Mpanda hadi watu waliokaa meza moja wanasemeshana kwa kupaza sauti. Barabara ya kwenda sokoni ilikuwa haina mtu. Siku kama hiyo ukipiga kelele, jirani anadhani ni redio.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Alhamisi, mfugaji nyuki mmoja wa Ugalla, Sylvanus, alikuja dukani hapa kuchapisha barua ya malalamiko. Jumamosi asubuhi wakata kuni walimkuta kichakani, shingo imevunjwa, mifuko imegeuzwa nje, barua hakuna. Jumapili akakamatwa Maduhu, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, kwa sababu mwezi uliopita wachungaji wake walikata mti wenye mizinga ya marehemu na wazee hao wawili wakatukanana hadharani. Aliyekuja kituoni kueleza matusi hayo alikuwa Mzee Elias, tajiri wa malori, mtu wa watu, aliyetoa hata jeneza na lori la kupeleka maiti Ugalla. Kesi imekaa vizuri, walisema wakubwa.

Dorotea ndiye aliyekuwa hajatulia. Maduhu yuko mahabusu tangu Jumapili, simu yake imefungiwa kwenye droo ya kituo. Ujumbe wa Jeniffer ulikuja Jumatatu. Sasa nani aliuandika, ng'ombe?

Na kulikuwa na jambo jingine lililokuwa linamsumbua tangu asubuhi. Barua ikionekana, hakuna faida tena ya kumgusa aliyeichapa. Isipoonekana, barua iliyobaki duniani ni Jeniffer mwenyewe, na Jeniffer analala chumba kimoja cha uwani, mlango wa mbao na komeo la msumari.

"Mdogo wangu," Dorotea alisema, akivuta stuli karibu. "Niambie tena. Alhamisi uliseva wapi?"

"Kwenye desktop, dada. Jina la mteja na tarehe, kama kawaida."

"Na Ijumaa?"

Jeniffer akaangalia sakafu. "Ijumaa asubuhi nilifagia."

"Ulifagia duka?"

"Nilifagia kompyuta." Machozi yalikuwa yameshamlenga. "Wateja wanakuja na flash zimejaa virusi. Zamani nilikuwa napiga Windows upya kila mwezi, nafunga duka siku nzima. Ndo Patrick akaniwekea hii programu ya snapshoti. Inapiga picha kompyuta ikiwa safi. Kila asubuhi kabla sijafungua mlango nabonyeza, kompyuta inarudi kwenye ile picha. Vya jana vyote vinaondoka, na virusi vyake. Nimezoea. Nafagia uwanja, nafagia kompyuta, ndo nafungua."

"Jana mbona hukusema?"

"Niliogopa. Barua ya marehemu nimeiondoa kwa mkono wangu, ningekuambiaje?"

Lo! Huyu mtoto wa watu, Dorotea aliwaza, kila asubuhi anawafagilia wauaji bila kujua.

"Vinaondoka kwenda wapi?" aliuliza.

"Vinafutika, afande," Patrick alidakia. "Kwisha habari yake."

"Lakini Patrick," Jeniffer alisema, "mitihani ya Mwalimu Monika si uliirudisha? Nilikuwa nimeshafagia siku nne."

"Ile ilikuwa bahati."

Alisema hivyo huku anacheka, na kicheko kilikwisha kabla ya sentensi. Patrick ni fundi wa mji mzima. Hata printa ya kituoni anaitengeneza yeye, anapewa chai, anaitwa shemeji. Ndiyo maana Dorotea alimchukua yeye asubuhi bila kufikiria mara mbili. Sasa akafikiria. Aliinama kusoma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa CPU: diski, GB 500. Kisha akaangalia nakala aliyotengeneza Patrick kwenye diski ya nje. GB 61.

"Patrick, umesema umekopi diski nzima."

"Nzima."

"Mia tano imeingiaje kwenye sitini na moja?"

"Aa, afande, nyingine ni nafasi tupu. Programu inaruka nafasi tupu. Utakopi hewa ya nini?"

Jibu zuri. Mtu asiyejua angelipokea na kushukuru, na Dorotea alikuwa nusu yake hajui. Akaaga kwamba anampigia dereva, akatoka barazani.

Hakumpigia dereva. Alimpigia Scolastica, waliyesoma naye chuo cha polisi, ambaye sasa kazi yake Dodoma ni kufumua kompyuta za wahalifu. Akamweleza kwa haraka, kidole kimoja kimeziba sikio.

"Dorotea, baba yako si alikuwa na mizinga Inyonga?"

"Sasa hayo yanahusu nini?"

"Sikiliza. Ile programu ya snapshoti haifuti kitu. Picha za siku za nyuma inazificha kwenye sehemu ambayo Windows inaiona ni pori tupu. Wewe ukipita unasema hapa hapana mtu, kumbe juu ya miti mizinga imetundikwa. Huyo fundi wako amekopi nyumba za kijiji, pori ameliacha. Inatakiwa uwashe kompyuta kwa flash, siyo kwa Windows, ukopi sekta kwa sekta, kila kipande cha diski, na pori lote."

"Kwa hiyo barua inaweza kuwepo?"

"Ipo, kama hajafanya difragi. Difragi inakusanya mafaili yaliyotawanyika, inayapanga kwenye hiyo nafasi inayoitwa tupu. Ni kukata miti bila kuangalia juu. Picha zinasagika, hazirudi. Nani aliweka hiyo programu?"

"Yeye mwenyewe Patrick."

"Basi anajua. Ukiiweka tu inakuonya kwa maandishi mekundu kwamba usifanye difragi ya Windows. Hakuna fundi asiyejua. Mashine imewashwa?"

"Ndiyo."

"Na yeye yuko wapi?"

Dorotea aligeuka. Geti la chuma la duka, ambalo alipotoka lilikuwa limepandishwa hadi juu, sasa lilikuwa limeshushwa hadi usawa wa kiuno.

Jamani, woga una mahali pake mwilini. Wengine tumboni, wengine magotini. Dorotea ulimkaa kwenye mikono, ikawa baridi mpaka simu ikataka kumponyoka. Bastola aliiacha kituoni kwa sababu alikuwa anakuja kusoma barua. Gari alilichukua Koplo Ngusa na askari wawili wenye silaha kwenda Kakese kuzungumza na familia ya Maduhu, kwa kuwa Kisukuma anakijua yeye. Akamwandikia: *Rudi sasa hivi. Stesheneri.* Kisha akainama, akapita chini ya geti.

"Mvua inapiga ndani, afande, nimeshusha kidogo," Patrick alisema. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Jeniffer, bisibisi mkononi.

"Jeniffer yuko wapi?"

"Nimemtuma chai, jikoni kwa nyuma."

Kwenye skrini mstari wa rangi ya buluu ulikuwa unatambaa. Asilimia thelathini na nne.

"Unafanya nini hapo?"

"Naisafisha tu. Ilikuwa nzito, namsaidia dada wa watu."

Thelathini na tano.

Dorotea alijua akisema "acha", mkono wenye bisibisi uko karibu naye kuliko mlango. Akijifanya mjinga, kila asilimia ni mzinga unaoanguka. Akaangalia ukutani: plagi imepitia kwenye UPS, betri ya akiba, ukiichomoa hapo UPS itailisha kompyuta dakika kumi nzima. Ni lazima waya wa nyuma ya CPU, na CPU iko chini ya meza, katikati ya miguu ya Patrick.

"Vizuri," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba mpaka akaionea aibu. Akafungua mkoba, akaangusha kalamu kwa makusudi. "Samahani, fundi."

Akapiga magoti, akaingia chini ya meza. Na pale, usoni pake kabisa, akayaona magoti ya Patrick. Yalikuwa yanatetemeka. Siyo kidogo, yalikuwa yanagongana, na suruali imelowa jasho. Dorotea akashangaa, lakini mkono haukusubiri mshangao. Akashika waya, akavuta.

Juu feni ya kompyuta ikazima. UPS ikalia mlio mmoja. Halafu mvua tu.

"Umeiua," Patrick alisema. Alisimama kwa ghafla hadi kiti kikaanguka, akaruka getini, akalivuta mpaka chini. Giza likaingia dukani. Dorotea alitoka chini ya meza ameshika kiti kwa miguu yake, tayari kukitupa.

"Weka bisibisi chini, Patrick!"

"Wasituone! Afande, wasikuone wewe umesimama hapo na mimi, tafadhali!"

Bisibisi ilikuwa imeshaanguka yenyewe. Fundi wa mji mzima alikaa sakafuni, mgongo kwenye geti, akalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Jeniffer alitokea mlango wa nyuma na chupa ya chai, akabaki amesimama.

"Walinitumia picha ya mke wangu," Patrick alisema. "Yuko sokoni, anapima dagaa, hajui kama anapigwa picha. Wakasema hadi saa kumi leo. Atapiga simu saa kumi, nimwambie imefutika. Nisipomwambia..."

"Nani atapiga?"

"Jina silitoi. Hata unikate."

"Alijuaje barua ilichapwa hapa?"

Patrick akamwangalia Jeniffer kwa huruma. Jeniffer ndiye aliyejibu, taratibu: "Kila kazi ninayochapa naweka chini jina langu na namba ya simu. Ni tangazo la biashara. Barua aliyokuwa nayo Sylvanus ilikuwa na jina langu."

Kwa hiyo aliyetuma ujumbe ndiye aliyegeuza mifuko ya maiti. Dorotea aliiweka hiyo akilini, akaangalia saa. Saa nane na dakika ishirini na tano.

"Kompyuta ngapi umeshatengeneza mji huu, Patrick?"

"Sijui. Nyingi."

"Tengeneza moja zaidi. Wakishajua umefuta, unadhani watakuacha? Wewe pia ulichungulia. Wewe na huyu mko ukurasa mmoja."

Kwenye mkoba, chini ya rozari, alikuwa na flash aliyopewa kwenye mafunzo Dodoma na hajawahi kuitumia. Ilikuwa inawasha kompyuta bila kuigusa Windows, inakopi sekta kwa sekta, na inapopita inachungulia neno unaloitajia. Patrick aliichomeka, vidole vikikosa tundu mara mbili. Akaunga diski yake kubwa ya nje, akaifuta nakala ile ya uongo mwenyewe bila kuambiwa.

"Neno gani nitafute, afande?"

"Mizinga."

Ikaanza. Koplo Ngusa akajibu: *Mto umepita juu ya daraja, nasubiri upungue.* Dorotea akaangalia ujumbe ule kwa muda mrefu. Angeweza kupiga kituoni, lakini Patrick alikuwa amesema kitu kingine katikati ya kulia kwake: anayempigia anajua kila gari la polisi linakoelekea kabla halijafika. Basi akamwandikia Ngusa tena: *Usimwambie mtu. Ukivuka, njoo na wenzako wenye silaha.*

Usiombe kukaa karibu saa nzima kwenye duka lililofungwa ukiangalia namba. Pikipiki ikipita nje, wote watatu wanaacha kupumua. Jeniffer alimimina chai, hakuna aliyekunywa. Asilimia ishirini, hakuna. Hamsini, hakuna. Patrick alianza kuomba dua kwa Kifipa, akichanganya sala ya chakula na ya wafu.

Saa tisa na dakika kumi, asilimia sabini na moja, skrini ilisimama na mstari wa kijani.

Dorotea aliivuta skrini upande wake, wengine wasione. Mwanzo wa barua ulikuwa umesagika, vijisanduku na alama zisizosomeka, ukurasa mzima na zaidi. Difragi ilifika hapo. Chini kabisa yalikuwa yamebaki mafungu machache. Akasoma mara moja, akasoma mara ya pili, akahisi machozi ya hasira. Jina la mtuhumiwa halikuwemo. Kulikuwa na namba ya simu iliyomtishia marehemu, sentensi moja ya ajabu, sahihi, na chini yake: *Imechapwa na Jeniffer*, na namba yake.

"Imeonekana?" Jeniffer aliuliza.

"Mkia tu," Dorotea alisema. Hakuona sababu ya kumdanganya. "Kichwa kimekwenda. Jina lililobaki ni lako."

Jeniffer alikaa kwenye stuli. Halafu akaanza kucheka kidogo, kicheko kibaya, akaziba mdomo kwa khanga.

"Dada, nilikudanganya," alisema. "Nilisema sisi hatusomi, tunachapa tu. Naikumbuka yote. Mzee macho yalikuwa hayaoni vizuri, alinifanya nimsomee mara tatu, neno kwa neno. Tangu Jumamosi naisikia nikilala. Nilidhani nikisema sikumbuki wataniacha."

"Hawakuachi."

"Naona." Akajifuta macho. "Nipe kompyuta yako."

Dorotea akatoa laptopu ya kazini kwenye mkoba, akamfungulia, akaigeuza ile skrini nyingine asiione. Jeniffer alichapa. Vidole havikukosea, maana kazi ni kazi. Dakika kumi na tano baadaye alisukuma laptopu.

Dorotea hakuanza mwanzo. Alianza mwisho, pale ambapo kompyuta ilikuwa na ushahidi wake yenyewe, na akaweka maandishi mawili sambamba. *Mizinga yangu arobaini na mmoja haina mdomo. Mimi ndiye mdomo wake, na nikinyamaza nitakuwa nimekula asali ya wizi.* Neno kwa neno. Namba ya simu, tarakimu kwa tarakimu, inaishia sita tatu sita tatu. Hata koma aliyoikosea Alhamisi ilikuwa mahali pake. Mtu ambaye hajaiona skrini na ameupata mkia hivi, kichwa chake kinaaminika.

Ndipo akasoma mwanzo. Malori yanapita mchana kweupe na kibali cha mahindi, chini ya magunia ni mbao za mninga kutoka msitu wa Ugalla. *Mwenye malori hayo ni Elias. Ameniita Ijumaa tukutane barabarani tuyamalize. Nitakwenda, lakini barua hii naiacha imeandikwa.*

Mzee Elias. Jeneza na lori juu. Dorotea alikumbuka alivyompa mkono msibani, ule mkono mzito, akamwambia Mungu akubariki mzee. Kumbe shahidi anayemfunga Maduhu ndiye aliyefanya kazi.

Saa kumi kasoro robo. Ngusa aliandika: *Tumevuka.* Saa kumi kamili simu ya Patrick ikatetemeka mezani. Haikuonyesha jina. Iliishia sita tatu sita tatu.

"Pokea," Dorotea alinong'ona. "Weka sauti ya nje. Mwambie tayari."

Patrick alipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, mzee. Tayari. Imefutika yote."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa ya upole, ile ile ya msibani. "Umefanya vizuri. Binti yuko dukani?"

Patrick alimwangalia Jeniffer, akashindwa kusema.

"Mbona kimya? Geti limefungwa lakini nasikia watu. Mwambie afungue, niko hapa nje. Nina kakazi kadogo ka kuchapa."

Simu ikakatika. Na sasa, mvua ikiwa imepungua, wakasikia wote: injini ya lori inanguruma taratibu, mlango wa gari unafungwa, hatua zinapanda baraza. Mtu akagonga geti kwa pete, mara tatu, kwa adabu.

Jeniffer alikuwa ameshika meza. Dorotea alimwonyesha mlango wa nyuma kwa kidole: nenda. Jeniffer akatikisa kichwa. Akachomeka waya wa printa kwenye laptopu, akabonyeza. Karatasi zikatoka mbili, za moto. Akazipanga, akazipiga pini kwenye kona.

Dorotea alitoa pingu, akasimama ubavuni mwa geti, akahesabu sekunde. Mbali kidogo, upande wa sokoni, alisikia gari lingine linakuja kwa kasi, akalitambua ni la kituo kwa fenda yake iliyolegea inayogonga kila shimo. Alisubiri mpaka likapiga breki. Kisha akavuta geti juu.

Mzee Elias alisimama na koti la mvua, kofia mkononi. Hakumwona Dorotea ubavuni, wala nyuma yake hakuwaona Ngusa na askari wawili wakishuka. Alimwona Jeniffer tu, akatabasamu.

"Hujambo, binti. Nimekuletea kazi."

"Sijambo, mzee. Shikamoo," Jeniffer alisema. Alinyoosha mkono wote mpaka karatasi zikamfikia. "Kazi yako nimeshachapa. Jina langu liko chini."